Ukungu wa Winfrida katika pipa la Mwaisha

Jumanne, saa nne asubuhi, gari dogo jeupe linasimama kwenye kichochoro cha Mwembesongo, mjini Morogoro. Mwanamke mwenye miwani anashuka, anaruka mtaro na kupiga hodi kwenye ua wa mabati. Ndani, Mwaisha Mkude ameinamia kitambaa cheupe, brashi ya nta ya moto mkononi. Hawezi kuinuka. Nta ikipoa kwenye brashi, haipenyi kitambaa.

"Karibu, pita tu," anaitikia bila kugeuka.

"Shikamoo mama. Samahani, hapa ndipo kwa Winfrida?"

Brashi inasimama. Tone la nta linaanguka mahali lisipotakiwa.

"Marahaba. Hapa ni kwa Mwaisha," anajibu. "Winfrida alikuwa mwanafunzi wangu."

Mgeni anaitwa Judith, mwandaaji wa maonyesho ya sanaa ya vitambaa jijini Dar es Salaam. Hakuwa na miadi. Alichokuwa nacho ni picha kwenye simu, na maelezo kwamba aliyetengeneza kitambaa kile alifundishwa na fundi mmoja wa Mwembesongo. Picha inaonyesha milima ya Uluguru kwa rangi ya buluu iliyoiva, na ukungu ukiteremka kwenye mashamba ya Mgeta.

"Nilikuwa naijua picha hiyo kuliko yeye," anasema Mwaisha, mwenye umri wa miaka hamsini na mmoja. "Ilikuwa kwenye simu yangu miezi mitatu mizima. Naivuta, naivuta, mpaka inabaki vidoa."

Alichokuwa akikitafuta ni ule ukungu. Kwenye batiki, nta huzuia rangi, na inapoishia huacha ukingo mkali kama uliokatwa kwa wembe. Ukungu wa Winfrida haukuwa na ukingo. Ulififia tu, kama unavyofifia kweli mlimani jua linapopanda.

Mwaisha alijaribu kuuiga kwa siri. Aliyeyusha nta na mafuta ya taa, akapaka majivu, akapuliza rangi kwa mdomo mpaka ulimi ukawa wa buluu kwa siku mbili. Vitambaa kumi na moja viliharibika. Leo ni matambara ya kudekia sakafu.

"Wivu ni kitu cha aibu mtu mzima kukisema," anasema. "Lakini ndiyo hivyo. Nilikuwa nikisikia jina lake, chai inakuwa chungu."

Si kwamba yeye hana jina. Kwa miaka ishirini na miwili amekuwa akitengeneza batiki za magauni, ambazo huuza shilingi elfu thelathini kila moja, na ndizo zilizowasomesha wanawe wawili. Lakini mapenzi yake yako kwenye vitambaa vya kutundika ukutani. Aligundua mwenyewe namna ya kuloweka kitambaa chenye nta kwenye maji ya baridi yatokayo mlimani, kisha kukikunja kwa vidole vyake vidogo tu, ili nta ipasuke nyufa nyembamba kama mishipa ya jani. Kazi hiyo haikuwahi kumfikisha kwenye maonyesho yoyote makubwa.

Winfrida alifika uani hapo akiwa na miaka ishirini na mbili, binti wa wakulima wa kabichi wa Mgeta. Alikaa miaka minne. Siku alipoaga, Mwaisha alimpa ahadi ambayo ndiyo desturi ya ua huo: kitambaa kikubwa cha kwanza cha mwanafunzi, nta yake hutolewa na fundi mwenyewe. Kutoa nta ndiyo hatua ya mwisho na ya hatari. Kitambaa huchemshwa kwenye pipa, kikigeuzwa bila kupumzika na nta ikienguliwa juu ya maji. Ukizembea, nta inarudi na kuganda, na kazi ya miezi imekwenda.

"Nilimwambia, popote utakapokuwa, kilete, nitakitoa nta mimi," anakumbuka. "Maneno ya kuagana. Nani anajua yatamrudia?"

Jumanne hiyo, Judith alitazama kazi zote za uani, akazisifu, kisha akasema ukweli wake. Kwa Morogoro ilibaki nafasi moja. Alimtaka Winfrida. Alichukua namba yake kwa Mwaisha, akampigia palepale, na Winfrida akasema ana kitambaa kipya, kikubwa chake cha kwanza, kinachosubiri kutolewa nta tu.

"Alhamisi saa nane nitapita hapa nikirudi kutoka Iringa," Judith alimwambia Mwaisha. "Chake kisipokuwa tayari, mama, nitachukua chako kipya."

Gari lilipoondoka, jirani yake Maimuna, anayempindia vitambaa kwa cherehani, alichungulia mlangoni.

"Mbona umenuna kama umemeza ndimu? Si wanasema mgeni njoo mwenyeji apone?"

"Huyu kaja mwenyeji augue."

"Mwanafunzi kampita mwalimu!" Maimuna akacheka. "Basi mtilie dua chake kiungue."

"Astaghfirullah, Maimuna."

"Nimesema mimi. Wewe umewaza."

Alikuwa amewaza, anakiri Mwaisha. Siku mbili hakulala mchana wala kupika chakula cha maana. Usiku wa kuamkia Alhamisi alimaliza kitambaa chake, kizuri kuliko vyote alivyowahi kutengeneza, nyufa zikipita kwenye buluu kama mito inayoonekana kutoka juu. Kilibaki kuchemshwa tu.

Alhamisi saa mbili na nusu asubuhi, utingo wa lori la kabichi kutoka Mgeta aligonga mabati na kumkabidhi furushi. Ndani yake kulikuwa na kitambaa cha Winfrida na kikaratasi: "Shikamoo mama. Mama yangu ameanguka, siwezi kumwacha. Uliniahidi."

Pipa ni moja. Mikono ni miwili. Muda ulitosha kitambaa kimoja.

Aliwasha moto. Maji yakaanza kutokota. Akakikunjua kitambaa cha Winfrida, na kwa mara ya kwanza akaugusa ukungu kwa kidole. Ulikwaruza. Akakwangua unga kwa ukucha, akaonja.

Ulikuwa wanga wa muhogo.

"Nilikaa chini," anasema.

Mama yake Winfrida hufua vitambaa vya altare vya parokia yao na kuvitia wanga wa muhogo. Mwaka wake wa kwanza uani, binti huyo alitia wanga kwenye kitambaa cha kazi kwa mazoea ya nyumbani, rangi ikagoma kushika sawasawa, ikaacha mawingu. Mwaisha alimgombeza mbele ya wenzake na kumwamuru akifue.

"Siri niliyoitafuta kwa vitambaa kumi na moja ilizaliwa hapa uani kwangu. Nikaimwaga mtaroni kwa mkono wangu."

Kikaratasi hakikutaja wanga. Winfrida alikuwa ameandika kwa haraka. Mwaisha alijua jambo moja zaidi: wanga ukiingia kwenye maji yanayochemka kabla ya kuondolewa unageuka uji, na uji ule ungelamba buluu yote. Ilikuwa atumbukize tu. Nani angemlaumu? Hakuambiwa.

"Nilikishika juu ya mvuke," anasema. "Nilikishika muda mrefu."

Akavuta kuni nje ya pipa. Akajaza beseni maji ya baridi, akakaa kwenye kigoda na kuanza kuusugua wanga kwa ncha za vidole, shubiri kwa shubiri, mpaka adhana ya adhuhuri ikampita. Ndipo akachochea moto tena na kukitoa nta. Kitambaa chake mwenyewe kilikuwa kimetundikwa kwenye kamba mbele ya macho yake, kigumu kwa nta.

Sasa ana mpango. Mama yake Winfrida akipata nafuu, atapanda Mgeta na kumwomba binti yule amfundishe wanga, waziwazi, mwalimu akiwa mwanafunzi. Anataka kuona ukungu na nyufa kwenye kitambaa kimoja. Wivu, anasema, haujaisha. "Umepungua makali tu."

Alhamisi ile, saa nane, Judith alifika. Alikikunjua kitambaa cha Winfrida juani, kisha akakikunja taratibu.

"Na chako, mama?"

"Changu bado kina nta."

Gari halijafika barabara kubwa, simu ya Mwaisha ikaita.

"Mama, nimesahau kukwambia!" Winfrida alikuwa akihema. "Kina wanga! Umekichemsha?"

"Nimekichemsha."



"Ukungu je?"

"Upo wote," Mwaisha akasema, akakata simu kabla hajashukuriwa.