Kabichi Mbili za Arek

Jua la Kakuma halipendi kabichi. Miche huota vizuri, hutanua majani, kisha hukataa kufunga kichwa. Arek, mkimbizi kutoka Sudan Kusini, alilima zake kando ya bomba la maji kambini. Zote zilitoka pakiti moja ya mbegu, lakini hata watoto wa tumbo moja hawafanani: nyingine zote zilibaki majani matupu, mbili tu zikafunga, ngumu kama mawe.

Jerotich, afisa wa kilimo kutoka Lodwar, alipoziona alisahau hata kusalimia.

"Mama, usipike hizi. Zimeshinda joto. Tukipata mbegu zake, baadhi ya watoto wao watafunga pia. Tukichagua hivyo kila msimu, mwisho tutakuwa na kabichi ya hapa."

Lakini kabichi haichanui wala kutoa mbegu bila baridi, na huku Turkana baridi utaitoa wapi? Jerotich alizing'oa zote mbili na mizizi yake, akazipeleka kwa mama mkwe wake huko Kapcherop, milimani. Arek akawaahidi majirani mbegu, nao wakaanza kuchimba vitalu.

Zilipochanua, Jerotich alikwenda kuzitazama. Karibu nazo, sukuma wiki ya mama mkwe ilikuwa njano kwa maua, imeachwa itoe mbegu, na nyuki walikuwa wakienda huku na huku. Afisa mzima alijua maana yake. Sukuma na kabichi ni ndugu, huzaana bila kubisha hodi. Maua ya sukuma yalipaswa kukatwa siku ileile.

Nani sasa amwambie mama mkwe akate mboga yake? Jerotich hakuwahi hata kumtazama usoni wakizungumza. Akaona haya, akanywa chai, akasifu ng'ombe, akaondoka. Mficha uchi hazai, na huyu alificha.

Mbegu zikapandwa Kakuma. Vitalu vya wanawake wote vikajaa mimea mirefu ya majani yaliyokunjamana, si kabichi si sukuma. Hakuna hata mmoja uliofunga.

Jerotich alipofika, Arek ndiye aliyeinamisha kichwa.

"Madam, unisamehe. Wewe ulileta mbegu mzuri, mimi nimeharibu. Labda maji yangu iko na chumvi. Naona aibu, hata kanisa siendi."

Jerotich alitamani ardhi immeze. Aibu ilikuwa yake, na mwenzake ndiye aliyekuwa akiibeba.

"Si wewe, mama. Ni mimi. Sukuma ya mama mkwe ilichanganyika na kabichi yako. Niliona, nikaogopa kumwambia akate."

Arek aliinua kichwa.

"Na ile kabichi mbili yenyewe?"

"Zilikauka baada ya kutoa mbegu."

Arek akasimama. "Wale wamama wanasema mimi nilidanganya wao. Kuja, uambie wao vile umeniambia."

Wanawake waliitwa wakakusanyika kwenye vitalu. Jerotich alisema yote, macho chini. Alipomaliza, jirani mmoja, Akuei, alimwomba arudie kwa sauti, kwa sababu waliosimama nyuma hawakusikia.