Kompyuta Iliyopimwa kwa Kilo

Barua ya chuo ilipofika, swali la kwanza nyumbani kwetu halikuwa nitasomea nini. Lilikuwa nitanunuliwa kompyuta ya aina gani. Kwenye orodha ya vitu vya mwanafunzi kubeba, kati ya blanketi na ndoo, palikuwa na neno moja tu: kompyuta. Hawakusema kama ni ya kubeba au ya kuweka mezani. Baba yangu, niliyemwita tata kama tunavyowaita baba zetu kwa Ekegusii, aliisoma ile orodha mara tatu akiwa amesimama mlangoni, kisha akaikunja na kuitia ndani ya Biblia.

"Hili ni jambo la kukaa chini," akasema.

Tulikaa chini Jumapili asubuhi, kwa sababu Jumamosi ni Sabato na siku hiyo kwetu mambo ya ununuzi hayatajwi. Tulikuwa wanne: tata, mama, mimi, na baba mdogo, ndugu yake tata, ambaye ndiye aliyekuwa mtaalamu. Utaalamu wake ulitokana na kwamba aliwahi kuwa bawabu wa chuo kimoja cha kompyuta mjini Kisii kwa miezi minane. Hakuwahi kuingia darasani, lakini aliwaona walioingia, na akaona walivyotoka.

"Wale wa laptop walikuwa wakitoka wameinama," akatuambia. "Wale wa desktop walikuwa wakitoka wamenyooka. Mimi nilikuwa pale getini, niliona kwa macho yangu."

"Huyu tayari amepinda mgongo kwa kuchuna chai," mama akasema. "Msimwongezee."

Mimi nilitaka laptop, na nilisema hivyo. Nilieleza kwamba nitaibeba darasani, nitaibeba maktabani, na likizo nitarudi nayo nyumbani. Tata alinisikiliza kwa heshima yote mpaka mwisho.

"Sasa kitu ambacho wewe unaweza kubeba," akauliza, "mwizi atashindwa?"

Hatukuafikiana. Iliamuliwa kwamba tukazione kwanza.

Jumatatu mimi na tata tukashuka mjini, kwenye duka la kompyuta zilizokwisha kutumika ng'ambo. Mwenye duka alikuwa mwanamume wa makamo, mpole, aliyevaa koti la kazi kama la daktari. Alituwekea mbili juu ya kaunta, laptop na desktop, bei ikiwa ileile, elfu kumi na nane. Akaeleza habari za kumbukumbu, kasi na nafasi ya kuhifadhi kazi. Alieleza vizuri. Tata alitikisa kichwa kwa kila jambo, na mwenye duka alipomaliza, akauliza, "Zina uzito gani?"

"Uzito?"

"Kilo. Hii ni kilo ngapi, na hii ni kilo ngapi?"

Inafaa niseme hapa kwamba tata alikuwa karani wa kupima majani ya chai kwenye kituo cha kukusanyia, juu kidogo ya Ekerenyo. Alikuwa ameifanya kazi hiyo tangu kabla sijazaliwa. Hakuna kitu alichokiheshimu ambacho hakikupita kwenye mizani. Mimi mwenyewe alinipima kwa ile mizani ya kuning'iniza mpaka nilipofika kidato cha pili, nikakataa kuning'inizwa tena.

"Mzee, kompyuta haipimwi kwa kilo," mwenye duka akasema.

"Basi mnunuzi anajuaje kama amepunjwa?"

 Mlango wa pili palikuwa na duka la vifaa vya ujenzi, lenye mizani ya kupimia misumari. Tulikwenda huko sote watatu, mwenye duka akiwa amekumbatia laptop, mimi nimebeba skrini, na tata nyuma yetu na lile sanduku la desktop ambalo watu huliita CPU. Laptop ikasoma kilo mbili na robo. Desktop, pamoja na skrini, kibodi, mausi na nyaya zake, ikasoma kilo kumi na tatu. Tata akaandika nyuma ya risiti ya zamani, halafu akatoa kilo moja kwa kila upande.

"Hiyo ya nini?" mwenye duka akauliza.

"Ya gunia na maji."

"Lakini hapa hakuna gunia."

"Huwa tunatoa," tata akasema.

Kwa hiyo laptop ikabaki kilo moja na robo. Mwenye duka la misumari, ambaye hakuna aliyemuuliza, alipiga mluzi.

"Na bei ni ileile?" akasema.

Nilimgeukia mwenye duka la kompyuta nikitumaini atanitetea. Alikuwa akiitazama ile laptop yake kama mtu aliyegundua kwamba amedanganywa kwa miaka mingi. "Hata mimi sasa naona," akasema polepole.

Tulirudi nyumbani na kilo kumi na tatu.

Ilikaa sebuleni kwetu wiki nzima kabla ya mimi kwenda chuoni. Mama aliifunika kwa kitambaa alichofuma mwenyewe, cheupe chenye maua ya zambarau, kikubwa kuliko cha redio. Hatukuweza kuiwasha, kwa kuwa mvua ilikuwa imeangusha nguzo na mtaa wote haukuwa na stima. Hilo halikumzuia baba mdogo kutufundisha. Alikuja kila siku saa kumi, baada ya watu kutoka shambani, akaketi mbele ya skrini nyeusi, akashika mausi.

"Hapa unabofya," akasema. Akasogeza mkono kidogo. "Hapa hubofyi."

Majirani walioketi nyuma yake waliitikia. Mmoja aliuliza kama mtu akibofya mahali pasipofaa inaweza kulipuka. Baba mdogo alifikiri, akasema hajawahi kuiona ikilipuka, lakini yeye alikuwa getini.

Chuo chenyewe kilikuwa palepale mjini Kisii, na chumba tulikaa wawili, mimi na msichana mmoja kutoka upande wa Magwagwa, mcheshi, mwenye shingo imara. Meza ilikuwa moja, na kompyuta ikaichukua yote. Tulikula kitandani na kuandikia kitandani. Hayo hayakutusumbua. Taabu ilianza wiki ya tatu, wakati mhadhiri wetu mmoja, mwanamke mrefu aliyezungumza bila kupandisha sauti, alipotangaza kwamba jaribio la Alhamisi litafanywa kwenye kompyuta na kila mwanafunzi aje na yake.

Nilimfuata mlangoni. "Mwalimu, mimi nina kompyuta, lakini si ya kubeba."

"Kila kompyuta inabebeka," akasema, akaenda zake.

Nadhani alitaka tu kunimaliza haraka. Lakini nilikuwa mwaka wa kwanza, na nililichukua neno lake kama lilivyo. Alhamisi asubuhi mwenzangu wa chumbani alitia CPU ndani ya ndoo akajitwika kichwani. Mimi nilifunga skrini mgongoni kwa leso, nikaifunika juu ili isipate vumbi. Kibodi nilishika mkononi. Kutoka hosteli hadi darasani ni mlima, na huko kwetu mlima ni mlima.

Katikati ya njia alikuwepo mama mmoja auzaye ndizi mbivu. Alituona tunapumua kwa nguvu, akatuita tupumzike.

"Mtoto ana miezi mingapi?" akaniuliza.

"Si mtoto, mama."

"Kwa nini umemziba uso hivyo? Atakosa hewa."

Kabla sijamjibu alikwisha zunguka nyuma yangu na kufunua leso. Nadhani kwenye kioo cheusi ukatokea uso wake mwenyewe.  Sikuweza kumwona, lakini nilimsikia akivuta pumzi.

"Kumbe ni mkubwa hivi," akasema. Akaifunika tena taratibu, akanipa ndizi mbili. "Moja yako, moja yake."

Nilimshukuru. Sikujua la kufanya zaidi ya hapo. Ile ya pili alikula mwenzangu.

Darasani wenzangu walikuwa wamekwisha fungua laptop zao mapajani. Nilihitaji meza mbili na soketi, na soketi ilikuwa mbele kabisa, chini ya ubao. Nikajipanga pale kama anayefungua ofisi. Nilipoiwasha, ililia mlio mmoja mrefu, kisha feni yake ikaanza kuvuma, na mhadhiri akapandisha sauti kwa mara ya kwanza tangu muhula uanze. Hakunikemea. Alisema tu, "Haya, tuanze."

Jaribio lilikuwa insha fupi ya kueleza jinsi biashara ndogo inavyoweza kutunza kumbukumbu zake. Nilikuwa nimeandika aya moja na nusu stima zilipopotea.

Laptop zote ziliendelea kuwaka. Yangu ilizima. Feni ilishuka polepole mpaka darasa likawa kimya, na katika kimya kile zilisikika kibodi za watu wengine zikienda mbio. Ningeweza kuinua mkono. Lakini nilikuwa nimebeba kile kitu mlima mzima, mbele ya darasa zima, na niliona aibu kuacha. Nikaendelea kuchapa. Nilichapa aya ya pili, nikaanza ya tatu. Nilikosea neno, nikalifuta, nikalichapa upya.

Mhadhiri akaja akasimama nyuma yangu. Tuliitazama skrini nyeusi pamoja, mimi na yeye.

"Umefika wapi?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Aya ya tatu, mwalimu. Nazungumzia daftari la madeni."

Akainama kidogo, kama anayesoma. "Endelea," akasema.

Muda ulipokwisha, wengine walituma kazi zao kwa intaneti ya simu. Mimi aliniita pembeni akaniambia nimsomee yangu. Nilimsomea yote kutoka kichwani, nikiikodolea macho skrini. Alinipa sita juu ya kumi. Aliyekaa nyuma yangu, mwenye laptop mpya yenye stika ya mpira wa miguu, alipata tano, akakata rufaa. Akaambiwa kazi yangu ilikuwa na mpangilio mzuri zaidi.

Mambo yangeendelea hivyo kama si mwanamke mmoja mwenye kibanda cha kuchapa mbele ya lango la chuo. Kazi yake kubwa ilikuwa ratiba za mazishi. Alinisimamisha siku moja nikipita na skrini mgongoni.

"Hiyo ndiyo ninayotafuta," akasema. "Mimi nina laptop. Watu wa marehemu wanakuja sita, saba, wanasimama nyuma yangu kusoma, na kioo ni kidogo. Wanasukumana. Juzi walimruka mke wa pili kwa sababu hakuna aliyemwona pale chini, na mke wa pili alikuwa amesimama papa hapa."

Alitaka tubadilishane. Nilimpigia tata simu siku hiyohiyo. Akasema, "Usifanye kitu. Tunakuja."

Walikuja Ijumaa, yeye na baba mdogo, wote wamevaa makoti ya kanisani. Mwenye kibanda aliposikia kwamba wazee wanakuja, naye alimleta mama yake. Tuliketi kwenye viti vya plastiki tukanywa soda. Hakuna aliyetaja kompyuta kwa robo saa. Walizungumza habari za mvua. Hatimaye baba mdogo akakohoa.

"Tumekuja kuona mahali atakapokaa," akasema.

Tata aliuliza kama bati linavuja. Aliuliza nani atafuta vumbi, na mara ngapi. Aliuliza kama kuna mtu mlevi anayeingia humo. Mama wa mwenye kibanda alijibu yote bila kukasirika, mikono yake ikiwa juu ya magoti.

"Binti yangu amelea printa mbili mpaka zikazeeka mikononi mwake," akasema. "Waulize watu wa hapa."

Tata aliguswa. Niliona jinsi alivyoangalia pembeni. Akakubali, kwa sharti moja, kwamba akiwa mjini aruhusiwe kupita kuiona. Walipeana mikono. Ile laptop, ambayo bawaba yake ya upande mmoja ilikuwa imevunjika na kifuniko kimeegemezwa kwenye kopo la gundi, hakuna aliyeuliza swali lolote juu yake. Nilipewa tu nikaitia kwenye mkoba, nikajiona mwepesi mpaka nikaogopa.

Tata alilishika lile sharti kikamilifu. Kila siku ya soko alipita kibandani kwanza, ndipo anitafute mimi, na mara nyingine alisahau kunitafuta. Mwaka wangu wa pili nilimkuta pale, ameketi kwenye kiti kilicho karibu zaidi na skrini, na nyuma yake familia moja kutoka Itumbe imejipanga kusoma wasifu wa marehemu wao. Tata alikuwa akisoma pamoja nao, midomo ikicheza. Walipofika kwenye orodha ya watoto alisema, "Hapa panahitaji koma," na mwenye kibanda akaiweka.

Mkubwa wa familia akamgeukia. "Samahani mzee, wewe ni wa upande gani wa marehemu?"

"Mimi ni wa upande wa kompyuta," tata akasema.

Yule mtu alitikisa kichwa kwa huzuni, kama anayekumbuka, akamwambia mwenye kibanda amtie kwenye marafiki wa familia. Jina la tata likachapwa la nne kutoka chini. Naye, kwa kuwa jina lilikuwa limechapwa, alikwenda kwenye mazishi. Mama alimpigia shati pasi. Aliporudi alituambia kwamba walimkaribisha aseme machache, na kwamba alisimama akasema marehemu alikuwa mtu wa kazi, na watu wengi walilia.