Bati la Shingoni mwa Kaka

Siku mwenyekiti wa kijiji aliponiambia nimvue kaka yangu bati alilovaa shingoni, nilipaswa kukataa. Nilikuwa nimesoma hadi kidato cha nne, nilikuwa katibu wa kijiji, na ukimwacha kaka mwenyewe, kati ya watu wote waliokusanyika mbele ya ghala ni mimi tu niliyejua bati lile ni la nini. Nikanyoosha mikono, nikalivua.

Kaka alikuwa mtu wa tumbo. Tulipokuwa vijana huko Sindeni, akimaliza ugali wake alikuwa akiukodolea macho wangu na kuniuliza, "Huo nao una ugonjwa gani, mbona haupungui?" Watu walimwalika shambani kwa sababu alilima kama watu wawili, wakalalamika baadaye kwa sababu alikula kama watatu. Kisha vidonda vya tumbo vikampata. Akatapika damu, akapelekwa hospitali ya wamisheni iliyo mbali na kwetu, akakaa huko karibu miezi mitatu.

Nilikwenda kumchukua mwenyewe. Nilipomwona amekaa kwenye benchi nje ya wodi nilimpita bila kumtambua, nikaenda kuwauliza wengine yuko wapi. Akaniita kwa nyuma, "Katibu, siku hizi husalimii wakubwa?" Mashati yake yangeweza kumzunguka mara mbili.

Daktari, mzee wa Kizungu aliyesema Kiswahili cha polepole, alinieleza kwamba sehemu kubwa ya tumbo la kaka ilikatwa. Angekula kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku. Asinywe aspirini. Akizimia apewe sukari. Na mtu yeyote asije akamwingiza mpira wa kuoshea tumbo, kwa maana tumbo lililobaki lingetoboka. Maneno hayo aliyagonga kwa msumari kwenye bati dogo la duara, kwa Kiingereza ili waganga wa kokote wayasome, akalitia kwenye mnyororo mwembamba.

"Asilivue hata akioga," aliniambia. "Siku atakayoshindwa kusema, hili ndilo litakalomsemea."

Nilimwambia nimeelewa. Na kweli nilikuwa nimeelewa.

Tuliporudi, kijiji chetu kilikuwa bado kipya. Watu walikuwa wametolewa kwenye makazi yao ya zamani, wakashushwa na malori mahali pamoja, na nyumba nyingi hazijakandikwa. Majukwaani tuliitana ndugu. Usiku kila mtu alifunga mlango kwa gogo, kwa maana hakumjua jirani yake alitoka wapi wala alikimbia nini.

Katika kijiji cha namna hiyo mtu anayekula peke yake hana pa kujificha. Kwenye shamba la kijiji tulikula kwenye sinia moja, watu saba au wanane, na mkono usiorudi kwenye sinia ulionekana. Kaka alimega matonge mawili, akanawa. Baada ya muda alikuwa amesimama pembeni, anatafuna kipande cha muhogo alichokitoa mfukoni. Wakati mwingine alitoka jasho baada ya kula, moyo ukamwenda mbio, akaenda kujilaza kwenye majani huku wenzake wakilima.

"Kaenda na tumbo, karudi na bati," alisema mmoja, na wote wakacheka.

"Mwenzio kaliuza hilo tumbo," akajibu mwingine. Hapo hawakucheka.

Habari za mumiani zilikuwepo tangu utoto wetu, watu wanaokamata wenzao na kuwanyonya damu. Sasa zikapata mwili. Ikasemwa kaka ametoa tumbo lake ili aachwe hai, na bati ni alama ya waliomwachia, kwamba lazima awaletee mwingine. Wasiosadiki mumiani walisadiki la pili: huyu ni kupe, anakula cha kijiji na kukwepa jembe.

Mimi sikusadiki la mumiani. La pili lilinikaa rohoni. Asubuhi nilimwona ana nguvu, anapiga soga, jua likipanda yuko chini. Nikaanza kumchunguza. Nilijificha nyuma ya ghala nimwone kama analala kweli au anajilaza. Nilichungua hata mifuko ya shati lake lililoanikwa. Niliyajua maneno ya daktari, na bado nilimpeleleza kaka yangu wa tumbo moja.

Kisha mtoto wa mama mmoja, jirani ya kaka, akaanza kudhoofu. Miguu ikawa vijiti, tumbo likavimba. Mama yule akaja kwenye mkutano amembeba, akamweka mbele ya mwenyekiti.

"Tangu huyu arudi na mnyororo wake mwanangu hali," alisema. "Tumbo alilopoteza yeye, mnaliona limehamia wapi?"

Watu wakaguna. Mwenyekiti akanigeukia. "Ndugu Katibu, wewe ndiye msomi wetu. Soma."

Kaka akalitoa bati ndani ya shati, akalinyoosha kwangu bila kulivua. Nikalisoma kwa Kiingereza kwa sauti.

"Maana yake?"

Niliwatazama watu. Niliona kwamba nikieleza, watasema namkingia kaka yangu, na katibu anayependelea ndugu zake alikuwa hana siku nyingi kwenye kiti. Nikasema, "Ni mambo ya dawa. Sijayaelewa yote."

Kaka alinitazama.

"Basi likae ofisini mpaka wakubwa wa wilaya waseme," mwenyekiti akaamua. "Na ulivue wewe mwenyewe, Katibu, watu waone hakuna upendeleo."

Nilipokuwa nahangaika na kifungo cha mnyororo, kaka aliniambia kwa sauti ya chini, "Mdogo wangu, unajua kilichoandikwa."

"Ni siku chache tu, kaka."

"Haya. Ukilifungia kabatini, na mimi nifungie humo humo."

Nilililaza ndani ya kabati la ofisi, chini ya daftari la mahudhurio. Barua ya kwenda wilayani niliiandika kwa mkono wangu, fupi, isiyo na haraka yoyote. Majibu hayakuja.

Baada ya mavuno binti wa kaka, aliyeolewa Mkumbara, akajifungua. Kaka akaja ofisini asubuhi, amevaa kanzu na koti.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Nakwenda kumwona mjukuu. Nipe basi lile bati, la safari tu."

Ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu. Nje ya dirisha wanawake wawili walikuwa wakisubiri kupimiwa mbegu, na mmoja alikuwa mama wa yule mtoto. Nikamwambia, "Utalikuta ukirudi."

Korogwe alishuka kubadili basi. Akanywa chai ya sukari nyingi na maandazi, akakaa kusubiri. Baada ya saa mbili hivi sukari ile ya mara moja, ambayo tumbo lililokatwa haliwezi kuizuia, ikawa imeisha yote damuni, akatetemeka, akaanguka palepale stendi. Kijiko cha sukari kingemwamsha, lakini pale hapakuwa na aliyemjua. Mmoja akasema kalewa, mwingine akasema kanywa sumu. Wakambeba kwenda mahali pa matibabu, na kwa kuwa alikuwa hasemi, na shingoni hana kitu, wakamwingiza mpira wamwoshe tumbo. Siwalaumu. Walimtendea kama wanavyomtendea mtu aliyekunywa sumu.

Habari zilinifikia siku ya pili. Nilifungua kabati, nikapanda lori la mahindi hadi Korogwe. Nilimkuta yu macho, tumbo limekuwa gumu kama ubao. Nikalitoa bati mfukoni. Alilitazama, midomo ikajaribu kucheka.

"Kabati limefunguka," alisema.

Nikamvalisha. Alifariki kesho yake, kabla ya adhuhuri.

Tulipomrudisha, waliomwosha walitaka kwanza kuona alipouza tumbo. Waliona mshono ulionyooka toka kifuani hadi kitovuni. Nilimsikia mmoja akimwambia mwenzake, "Kumbe ni mshono tu." Yule mtoto naye alipelekwa kliniki baadaye, ikaonekana ni lishe. Mama yake alikuja msibani akapika kwa siku tatu.

Bati ninalo mpaka leo. Nilimpelekea binti yake Mkumbara, akakataa kulishika, akaniambia, "Baba mdogo, kaa nalo wewe uliyelitunza." Mama yetu aliishi miaka mingine kumi na hakula tena chakula kwenye sinia moja na mimi. Ukatibu nilioulinda siku ile nilinyang'anywa mwaka uliofuata, kwa jambo jingine dogo.

Nilikuwa na kaka mmoja. Niliyajua maneno yaliyomlinda, nikasema siyajui, na kwa hilo alikufa.