Helmeti ya Siku ya Wageni

Mwezi uliopita nilisimama katika ofisi ya mwalimu mkuu wa shule niliyosoma, ng'ambo kidogo ya Pito, huko Sumbawanga, nikasikia tena mlio wa kabati lile. Ni kabati la mninga lenye milango miwili, na bawaba yake ya kushoto inalia vilevile ilivyolia nilipokuwa darasa la tano. Damu ilinipanda kichwani papo hapo. Utasema, rafiki yangu, mtu mzima anakasirikiaje kabati? Kaa nikusimulie, halafu utaniambia kama nina haki au sina.

Nililelewa na bibi, mama yake mama. Kwetu ulezi unavunwa baridi ikiwa imekolea, wakati wa ule upepo wa mwezi wa sita unaokata masikio, na asubuhi nyingine unakuta majani yameganda meupe. Kabla ya kupura, bibi na majirani zake walisiriba uwanja. Walikanda kinyesi cha ng'ombe na udongo wa kichuguu, wakapiga magoti, wakaupaka kwa viganja, wakasubiri ukauke, wakarudia, kisha wakarudia tena. Ukikamilika ulikuwa laini kiasi kwamba punje moja ya ulezi ikidondoka unaiona. Ole wake mtoto aliyeukanyaga na viatu! Lakini ulezi ukishapurwa na kupepetwa na kuingia ghalani, uwanja ulikuwa wetu watoto mpaka mvua za kwanza.

Tulicheza magongo. Hakuna aliyetufundisha. Fimbo zetu za kupuria ulezi zina kichwa kilichopinda, na mtoto ukimwachia fimbo iliyopinda na sakafu laini unategemea afanye nini? Tulikata kisigino cha buti la mvua lililochoka, tukakichonga kikawa duara, na hicho ndicho tulichokisukuma. Tulikiita kisigino tu. Magoli yalikuwa vinu, viwili upande huu na viwili upande ule. Mimi nilikuwa golikipa kwa sababu sikuwa na mbio, na kwa sababu nilikuwa mbishi. Kisigino kikinijia sikukikwepa. Jioni nilirudi nyumbani magoti yananuka uwanja, bibi akanuna, akaninawisha huku amenuna, kisha akanipa ugali wa ulezi na kipande cha samaki, mgebuka mkavu kutoka Kipili, na kununa kukaishia hapo.

Sasa, misheni kulikuwa na bruda, mzungu mrefu aliyefundisha useremala. Siku moja alipita na baiskeli akatuona, akasimama, akacheka mpaka akashika tumbo. Jumapili iliyofuata, baada ya misa, alituita ukumbi wa parokia, akawasha jenereta na kuweka mkanda wa video. Humo tukawaona watu wa kwao, wanaume wazima wanaolipwa mshahara kwa kazi hiyo, wanacheza mchezo wetu juu ya sakafu nyeupe. Bibi alikuwa amekaa benchi la mbele. Alitazama kwa muda, akamgeukia bruda, akamwuliza, "Sakafu yote hiyo, wamesiriba wanawake wangapi?"

Bruda akamweleza kwamba ni maji yaliyoganda. Bibi hakubishana naye. Njiani tu, tukirudi, alituambia bruda ni mtu mwema sana, ila kazi za wanawake hazijui.

Mimi siku ile sikumtazama mfungaji hata mmoja. Nilimtazama golikipa. Alikuwa amejazwa vitu mwilini hata hujui mtu anaanzia wapi: miguuni mito mipana, mkono mmoja glavu kubwa ya kudakia, na usoni helmeti yenye vyuma vya kukingamana. Kabla watu hawajamjia, aligonga nguzo ya kulia na ya kushoto kwa gongo lake bila kugeuka, kuhakikisha yuko katikati. Juu ya goli aliweka chupa yake ya maji. Kesho yake na mimi niligonga vinu vyangu bila kugeuka, na juu ya kinu cha kulia nikaweka kibuyu cha togwa. Binamu zangu walinicheka wiki nzima, lakini waliacha kunifunga ovyo.

Bibi ndiye aliyenitengenezea vifaa. Alikata gunia la katani, akashona mifuko miwili mirefu, akaishindilia maganda ya mahindi, akanifunga miguuni. Kifuani alinikunjia blanketi kuukuu mara nne. Kwa uso alijaribu kitunga chake cha kuokotea maharage, akakitoboa macho, na nilipokivaa nilifungwa magoli matatu kabla sijajua kisigino kiko wapi. Tukakirudisha jikoni, uso ukabaki wazi.

Bruda aliliona hilo. Alipokaribia kwenda likizo kwao, alikuja na uzi wa katani, akanizungushia kichwani, akafunga fundo mahali ulipokutana, akautia mfukoni. Hakuahidi chochote kwa maneno. Lakini wewe ungekuwa mtoto wa darasa la nne, mtu akapima kichwa chako akaondoka na kipimo, ungelala? Nilimngoja mvua zote. Nilipalilia ulezi nikimngoja, niliwinga ndege nikimngoja.

Alirudi na sanduku. Kwa kuwa mchezo ulikuwa umeshaingia shuleni, alilikabidhi shuleni, mbele ya mstari, mbele ya paroko na mtendaji wa kata. Ndani mlikuwa na mito ya miguu, glavu mbili na helmeti ya bluu. Akasema kwa Kiswahili chake cha polepole, "Hivi ni vya golikipa," akaninyooshea kidole mimi. Mwalimu mkuu akanivika helmeti kwa mikono yake. Ilinikaa sawasawa. Ndani ilinuka upya, na dunia niliiona kwa vipande kupitia vile vyuma, paroko kipande, bibi kipande. Nilipigwa picha. Kisha wageni wakaenda kunywa chai, na mwalimu mkuu akanivua.

"Vitu hivi ni vya thamani," alisema. "Vikizoea vumbi vitakwisha. Tutavitoa siku ya wageni."

Bawaba ya kabati ikalia, ufunguo ukageuka. Mwezi huohuo bruda akahamishiwa misheni nyingine mbali, na hakukuwa na mtu wa kumwuliza.

Naomba unielewe. Mwalimu mkuu hakuwa mwizi wala mkatili. Hakuviuza, hakumpa mwanawe. Alivitunza! Hilo ndilo linaloniumiza mpaka leo, maana mwizi ungemshtaki, lakini mtu anayetunza utamshtaki kwa nani? Na sisi wote tulikuwa hivyo. Bibi mwenyewe alikuwa na vikombe sita vya udongo vyenye maua, vilivyokaa juu ya kabati lake vikimsubiri padre, nasi tukinywa uji kwenye makopo.

Ikatangazwa mechi na watoto wa upande wa Kasense. Bibi akaoga, akavaa kitenge chake cha kanisani, akanishika mkono mpaka ofisini. Mwalimu mkuu alimwamkia shikamoo, akampa kiti. Bibi akamwambia mtoto anaomba kofia yake kwa siku moja.

"Bibi, ile si yake. Ile ni mali ya shule."

"Na meno yake, mwalimu? Nayo ni mali ya nani?"

Mwalimu mkuu alicheka, akidhani ni utani wa wazee. Akamsifu bibi kwa kunilea vizuri, akamsindikiza mpaka mlangoni. Helmeti ilibaki kabatini.

Mechi ilichezwa mbele ya ofisi hiyohiyo. Kutoka kwenye goli langu mpaka dirisha la mwalimu mkuu ni mwendo wa kuitana bila kupaza sauti. Hatukufungwa kipindi cha kwanza. Karibu na mwisho, msichana mmoja wa Kasense, mwenye mikono ya mtu aliyepura ulezi tangu azaliwe, alikipiga kisigino kikapaa. Sikukwepa. Kilinipata mdomoni. Nakumbuka ladha ya mpira, kisha ya damu, kisha watu wanashangilia kwa sababu goli halikuingia. Meno mawili ya mbele, ya juu, ya kudumu, niliyatema kiganjani kwangu mwenyewe.

Mwalimu mkuu alinisifu mstarini kwamba ni golikipa jasiri. Jasiri! Mimi sikutaka ushujaa, nilitaka helmeti. Na wiki haikupita wakaja wakaguzi, siku ya wageni hiyo, na kabati likafunguliwa. Vifaa vikapangwa juu ya meza yenye kitambaa cha kufuma, kando ya maua ya plastiki, na mimi nikasimamishwa nyuma ya meza na mdomo umevimba. Alipokuja mpiga picha, mwalimu mkuu aliniinamia sikioni akaniambia, "Usicheke. Funga mdomo."

Nilifunga. Kwa miaka mingi baada ya hapo niliendelea kuufunga, harusini, kwenye kitambulisho, hata mbele ya mwanamume aliyekuja kunioa, ambaye alidhani mimi ni mtu wa huzuni.

Jioni ya wakaguzi nilimweleza bibi. Alipanda juu ya kigoda, akavishusha vile vikombe sita, akavipangusa vumbi kwa khanga, akatumiminia uji wa ulezi, mimi na binamu zangu, kwenye vikombe vya padre. Tulivishika kwa uoga kama tuko kanisani. Kimoja kilivunjika siku ileile. Tukamtazama tukingoja kipigo, naye akafagia vigae akaendelea kukoroga uji. Viliisha vyote kabla sijamaliza la saba. Padre alipokuja alinywea kopo, na hakulalamika.

Bibi ameshatutoka. Viwanja vya kusiriba navyo vinaisha. Siku hizi wengi wanapuria juu ya turubai, na turubai halitelezeki. Lakini mdogo wangu, aliyebaki nyumbani, alinipigia simu kuniambia shule bado inacheza magongo, na golikipa ni msichana wa darasa la tano, na usoni hana kitu.

Mimi naishi Dar es Salaam, nina duka la vitambaa. Siku hiyo nilifunga duka mapema. Nilizunguka Kariakoo nikiuliza helmeti ya golikipa wa magongo. Mmoja alinitolea helmeti ya bodaboda, mwingine kinga ya kuchomelea vyuma, wa tatu akanihurumia: "Dada, golikipa havai kitu usoni, anavaa glavu tu." Mwisho niliagiza kwa simu, ikaja, nyeupe, na nikaipakata ndani ya basi mpaka Sumbawanga. Mdogo wangu alikuwa amepima kichwa cha yule mtoto kwa uzi.

Ndipo nikajikuta katika ofisi ile. Mwalimu mkuu wa sasa ni kijana, mstaarabu, aliniamkia vizuri. Alimwita mtoto, tukamvika, ikamkaa. Akapiga picha kwa simu yake. Halafu, Mungu ni shahidi yangu, akamvua mtoto helmeti, akatoa funguo mfukoni.

"Dada, tunashukuru mno. Acha tuitunze, isije ikaharibika."

Bawaba ikalia. Na ndani ya kabati, kwenye rafu ya chini, nikaiona ya bluu. Panya walikuwa wamekula sponji yote ya ndani. Karatasi ya dukani bado ilining'inia kwenye kamba yake. Nilipoitoa sikujua kama nalia au natukana. Nilijaribu kuivaa, ikakwama juu ya masikio, maana ilipimwa kwa kichwa cha mtoto na mtoto huyo hayupo tena.

Nikaichukua ile mpya mkononi mwa mwalimu. Nikatoka nje. Ukuta wa nyuma wa ofisi haujapigwa lipu, ni matofali matupu, na kwenye matofali hayo niliisugua helmeti mbele na nyuma, kulia na kushoto, mpaka weupe wake ukachubuka na mikono yangu ikauma. Watoto walitoka madarasani kutazama. Mwalimu mkuu alisimama mlangoni na funguo zake, akisema, "Dada, dada jamani, unaiharibu!"

"Ndiyo," nilimwambia. "Sasa haifai kwa wageni."

Aliipokea, akapapasa michubuko, akanitazama mdomoni, pale penye pengo. Kisha akampa mtoto. Mtoto akaivaa akakimbia golini, akagonga mawe yake mawili kwa gongo, la kulia na la kushoto, bila kugeuka, na sijui hilo alifundishwa na nani.

Mchezo ulipokwisha nilimwita nimpige picha na simu yangu. Aliinua helmeti, akasimama wima, akafunga mdomo kama watoto wanavyofanya wakiona kamera.

"Cheka," nikamwambia. Akacheka, na meno yake yote yalikuwepo.