Vigelegele vya Mwajuma

Siku moja kabla ya harusi yangu tulikuwa uani kwetu tunamenya vitunguu saumu. Kwetu ni Buyenzi, mtaa wa Waswahili pale Bujumbura, ambako ukipiga chafya nyumba ya kwanza unajibiwa na nyumba ya tatu. Mwajuma, rafiki yangu tangu madrasa, hakuwa akimenya kitu. Alikuwa anakula karanga na kutoa amri. Kazi yake ilikuwa kesho, alisema, na mtu haendi kazini amechoka.

Kazi yenyewe ilikuwa vigelegele. Alikuwa na pumzi ya ajabu yule. Alianzia chini, akapanda, ukadhani amefika mwisho, kumbe ndiyo kwanza anachanganya. Kaka yake, Hamisi, alikuwa askari wa kambi iliyo juu ya mji. Jioni ile alipitia kuniaga, kwa sababu siku ya harusi angekuwa zamu.

"Zaituni, mwambie bwana harusi aweke pamba masikioni," alinitania. "Huyu dada yangu atampa uziwi kabla hajakuona."

"Oa na wewe," Mwajuma akamjibu. "Kigelegele chako nimekuwekea."

Hamisi akacheka, akachota karanga kwenye sahani ya dada yake, akaenda zake.

Asubuhi, moto ukiwa umeshika chini ya masufuria ya pilau, tulisikia milio kutoka upande wa kambi. Mama alisema ni matairi ya lori. Matairi gani hayo yasiyokwisha? Baba alifungua redio, ikawa inapiga muziki tu, hakuna mtu anayesema. Akaizima. Jirani ndiye aliyetuambia, akiongea juu ya ukuta: askari wamewaasi wakubwa wao, wamefunga barabara, na wakikuta watu wamekusanyika wanawahesabu kuwa maadui.

Mwajuma aliuliza swali moja tu. Hamisi yuko upande upi? Hakuna aliyejua.

Mimi nilikwisha kukata tamaa ya kuolewa nilipomwona Saidi, mchumba wangu, amekaa juu ya ukuta wa nyuma kama kuku aliyekosa njia, kanzu yake imo kwenye mfuko wa plastiki. Alikuwa amevuka nyua zote kutoka kwao. Nyuma yake alikuwa sheikh, kilemba mkononi, anaomba asukumwe. Wallahi nilimpenda upya.

Baba akatoa masharti. Ndoa itafungwa, lakini kimya. Hakuna dufu, hakuna kigelegele. Mwajuma alikubali, akachukua ncha ya kanga yake, akajaza mdomo. Wanaume walikaa sakafuni sebuleni, mbali na dirisha, sheikh akinong'ona. Sisi wanawake tulikuwa chumba cha pili, pazia katikati. Sikumsikia Saidi akisema amekubali. Nilijua kwa kumtazama Mwajuma, aliyetega sikio penye pazia: macho yalimtoka, mabega yakamtetemeka. Nikashikwa na kicheko, mama akanifinya.

Hapo lango likapigwa teke.

Waliingia askari wawili.

"Mkutano wa nini huu?"

"Ni harusi, afande," Baba akasema.

Mkubwa wao aliwatazama wanaume waliojikunyata sakafuni, na bwana harusi mwenye vumbi magotini. "Harusi gani imekaa kama matanga? Mnapanga nini hapa?"

Askari akamwelekezea Saidi bunduki kifuani. "Wewe. Simama."

Saidi akasimama.

Mwajuma akaivuta kanga mdomoni.

Sijui nikuelezeeje kigelegele kile. Kilipita pazia, kikapita bati, kikatoka nje. Askari wa pili aliruka. Mwajuma alipoishiwa pumzi, nyumba ya jirani mwanamke mmoja akajibu, amejifungia ndani. Akajibu mwingine. Kisha mtaa mzima, watu waliokuwa wamelala chini ya vitanda tangu alfajiri, wakapiga vigelegele. Jamani, Buyenzi!

"Basi, mama, basi!" askari akasema, bunduki ameishusha. "Tumeamini."

"Hiyo pilau imeiva?" mwenzake akauliza.

Tuliwapa sinia. Walikula wamesimama langoni, wakaondoka. Tukacheka mpaka sheikh akalala chali. Chakula cha mtaa mzima tulikila sisi wachache, na sufuria moja ilikuwa imeungua, na mpaka leo mama hajakubali kwamba aliyeisahau ni yeye.

Uasi ulizimwa baada ya siku chache. Hamisi aliletwa nyumbani amefunikwa shuka. Aliuawa asubuhi ileile, walisema. Alikuwa upande upi hatukuambiwa, nasi tuliacha kuuliza.

"Nilikuwa nashangilia, Zaituni," Mwajuma aliniambia. Tangu siku ile hakupiga tena kigelegele, hata wanawe mwenyewe walipooa. Aliniokolea mume, na kaka yake nisingeweza kumrudishia. Ninamshukuru na ninaumia kwa pamoja, na sijapata namna ya kuyatenganisha hayo mawili.

Mwaka huu nimemwoza binti yangu Salma, hapa Stockholm. Tunakaa Akalla na ukumbi ulikuwa Fittja, kwa hiyo masufuria yalipanda treni ya chini ya ardhi pamoja nasi, Waswidi wakinusa bila kusema kitu. Mwajuma alikuwa kwenye simu yangu, kwa picha, kutoka Buyenzi. Nilimwinua juu ili aone kila kitu. Alimwona Saidi na mvi zake.

"Leo umeingia kwa mlango, shemeji?" akamuuliza.

Bwana harusi alipokubali, rafiki zake Salma, wasichana waliozaliwa hapa, wakajaribu vigelegele. Masikini, ikatoka sauti ya birika linalochemka.

"Mnamwoza mtoto au mnafukuza kuku?" Mwajuma akafoka.

"Mamma, vad säger hon?" Salma akaniuliza kwa Kiswidi chake. Anasema nini?

"Anasema mnamtia aibu."

Simu ikanyamaza. Nilidhani mtandao umekatika. Nikatazama, nikamwona Mwajuma anajifunga kanga vizuri kiunoni, kama mtu anayekwenda kazini. Akavuta pumzi.

Kilianzia chini. Kikapanda. Simu ilitetemeka mkononi mwangu. Wamama wa Kitanzania, wa Kikongo, wa Kirundi, ukumbi wote ukamjibu, na mimi nikalia mbele za watu bila haya yoyote.

Walipotulia, akapiga kingine, kirefu kuliko cha kwanza. Hakuna aliyekijibu. Wote tulikaa tukimsikiliza mpaka pumzi yake ikaisha.

"Hicho cha pili cha nani, dada?" nikamuuliza.

"Cha Hamisi," akasema, anajifuta macho na kucheka. "Si nilikuwa nimemwekea?"