Mtoto wake yuko hai, na mimi nimenyamaza

Admin, jina langu lifiche na kijiji kifiche, ila hasira zangu usizipunguze. Watu wajue tu kwamba ni Wilaya ya Kilwa, upande wa Tingi.

Nina miaka 36, mjane, watoto wawili. Mume wangu alikuwa askari. Alipelekwa nchi ya watu kulinda amani, akarudi ndani ya sanduku lililofunikwa bendera, tukaambiwa tusilifungue. Nilikaa eda miezi minne na siku kumi namlilia mtu ambaye uso wake sikuonyeshwa.

Msibani walikuja watani, kama kawaida ya huku. Jirani yetu mmoja, nimwite Baba Faraji, kabila lake na la mume wangu ni watani. Siku ya maziko akaja na mchi begani eti bunduki, akapiga kwata uani, kisha akaanguka chali mlangoni akidai naye kafa vitani na hainuki mpaka aletewe ubwabwa. Watu wakacheka. Na mimi huko ndani kwenye mkeka nikacheka, machozi yananitoka. Sikumchukia hata kidogo. Utani wa msibani kazi yake ni kukupumzisha na kilio, na msiba ukiisha nao unaisha.

Kwake haukuisha. Huyu mzee ndiye msemaji mkuu wa kijiwe cha kahawa pale njia panda, na kila asubuhi ana vita mpya. Leo hawa wamerusha kombora, kesho wale wamejibu. Anapanga vizibo vya soda mezani, hivi vifaru, hivi askari, halafu anavifuta kwa kiganja. "Hapa mia wanakwenda, lakini mji unachukuliwa!" Wenzake wanashangilia utadhani wanaangalia mpira. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kupokea sanduku.

Siku moja napita na ndoo ya maji, nikamkuta kafika kwenye vita iliyomchukua mume wangu. "Wale wetu walizubaa," anasema. "Askari akizubaa anakufa, kama yule mtani wangu hapo jirani." Wakacheka. Nikatua ndoo.

"Baba Faraji, shikamoo. Huyo unayemsema ana watoto, na wanapita hapa kwenda madrasa."

"Marahaba. Aa, mtani, ushanuna? Si utani tu huu!"

Jioni ile mwanangu mkubwa aliniuliza, "Mama, baba alizubaa?" Ana miaka tisa. Nilimwambia hapana, akaniuliza tena, nikajua hajaniamini. Hapo ndipo nilipoapa moyoni kwamba huyu mzee atanilipa.

Sasa sikieni Mungu alivyonipa zamu yangu. Faraji, mtoto wake wa kiume wa pekee, naye ni askari, na mwaka huu alipelekwa kule kule. Wiki iliyopita ikasikika kwamba kuna mapigano na vijana wetu wamo. Simu ya Faraji haipatikani. Vizibo vikaondolewa mezani. Baba Faraji akaja mlangoni kwangu miguu mitupu, kofia mkononi.

"Mwanangu, wewe una watu wa kule. Niulizie."

Kumbe na mimi ni mwanangu! Nikamtazama, nikamwambia, "Labda kazubaa." Alishika mwimo wa mlango. Nikamwongezea, "Si utani tu huu, mtani." Nasema kweli, niliona raha. Nilikula vizuri siku ile.

Ijumaa baada ya swala ya adhuhuri nilikuwa nabangua korosho uani, simu ikaingia ujumbe wa sauti. Ni rafiki wa marehemu, yuko huko huko. "Shemeji, dogo Faraji yuko hai. Mguu wa kushoto umekatwa chini ya goti, lakini anaongea." Kisha nikasikia sauti ya Faraji mwenyewe, dhaifu: "Dada, mwambie mama nipo hai. Baba asijue habari ya mguu. Nitakuwa hadithi ya kijiweni kabla sijarudi."

Leo ni Jumapili. Sijamwambia mtu.

Nataka yule mzee aende mwenyewe kijiweni, awaite wale wale waliocheka, na mbele ya watoto wangu aseme kwamba baba yao hakuzubaa. Akishasema, nitampa mtoto wake. Hilo ndilo sharti langu, na kila nikimwona kakaa kizingitini kwake tangu alfajiri bila kugusa kahawa, najisemea bado, hajafika nilipofika mimi.

Tatizo ni Mama Faraji. Huyu hana kosa. Wakati wa eda ndiye aliyenifulia, ndiye aliyenilisha kwa mkono wake siku nilizokataa chakula. Leo asubuhi kaja, kaketi karibu yangu, kaniuliza taratibu, "Mwanangu, wale waliokuletea habari wewe walikuja wangapi? Walivaa sare au nguo za kiraia? Nikiwaona njiani nijue, niwahi kukaa chini."

Simu ilikuwa kiunoni mwangu, nimeifungia kwenye kanga. Nikamjibu walikuwa watatu, wamevaa sare. Akanishukuru. Akaenda kusimama pale panapoonekana barabara.

Nishaurini ndugu zangu. Nikimwambia mama, mumewe atajua dakika hiyo hiyo, kesho atarudi kijiweni kifua mbele, na wanangu hawatalisikia neno lile maisha. Nikingoja, nani ajuaye huyu mama atavumilia siku ngapi. Ninavyoandika hivi imepita gari barabarani, nimemwona akikaa chini.