Vitanda vya Panya

Mama mkwe wangu ndiye aliyevipa jina. Vile vitambaa vidogo, ukubwa wa kiganja kilichofunguka, nilivyokuwa nikishona kimoja kila siku, yeye aliviita vitanda vya panya. "Leo panya atalala wapi?" angeniuliza akipita na ndoo yake, nami ningemjibu kwamba panya wa leo ni tajiri, amepata kitenge kipya. Tulipatana hivyo, kwa kuchokozana. Kupendana kulikuja baadaye, na kulipitia njia mbaya kabla ya kufika.

Tulikaa Lubumbashi, katika kambi ya wafanyakazi wa migodi, mahali ambapo bomba kubwa la moshi la kiwanda lilionekana kutoka kila ua. Mume wangu alifanya kazi kwenye tanuru. Kampuni ilitupa nyumba, ilitupa unga wa bukari, ugali wetu, katika mifuko myeupe ya pamba, ilitupa mablanketi ya kijivu, na sisi wake wa wafanyakazi ilitupeleka fwaye, darasa la akina mama, tukajifunze kushona. Huko nilifundishwa kudarizi maua kwenye vitambaa vya kufunikia bakuli la sukari. Niliyachukia maua yale. Yote yalikuwa na majani matano na yote yalitabasamu. Mwalimu wetu alikuwa na tabia ya kugeuza kitambaa aone kama nyuma nako ni safi kama mbele, na asiporidhika anafumua kazi yako yote mbele ya wenzako. Nilimlaani kimoyomoyo, lakini mkono wangu ulijifunza, hilo silikatai.

Kisha mambo yakaanza kuharibika. Mshahara ulichelewa, ukachelewa tena, halafu tukaacha kuuliza. Mjini askari walivunja maduka, na raia wakaingia nyuma yao kubeba kilichobaki. Majirani zetu waliokuwa na asili ya Kasai waliambiwa warudi kwao, hata wale ambao kwao kulikuwa ni hapa hapa, nyuma ya ukuta wetu. Nilimsindikiza rafiki yangu hadi stesheni, tukakuta watu wamelala juu ya magodoro yao wakingoja treni isiyojulikana itakuja lini. Nyumbani sukari ilikwisha. Hata bakuli halikuwa tena na sababu ya kufunikwa.

Ndipo nilipoanza. Kitambaa changu kilikuwa na matabaka matatu. Juu niliweka vipande vya vitenge nilivyoomba kwa akina mama wa jirani, katikati kipande cha blanketi la kampuni, na chini mfuko wa unga. Nikavipitishia vyote mishono midogo, karibu karibu, mpaka kitambaa kinakunjamana na kuwa kinene kama mkate. Nilishona kile nilichokiona siku ile: bomba la maji lisilo na maji, baiskeli iliyofunikwa kabisa na magunia ya makala, yaani mkaa, magodoro ya stesheni. Nilishona mchana, sombe, majani ya muhogo, ikichemka juu ya mbabula, jiko letu la makala. Watu waliniuliza ni vya nini, maana haviuziki wala havivaliki. Nilikuwa nikijibu kwa ukali kwamba ni vya kunizuia nisiwatukane. Ukweli ni kwamba niliogopa. Kila siku kitu fulani kilikuwa kinaondoka kwetu, na mimi nilitaka jioni kiwepo kitu kimoja ambacho asubuhi hakikuwepo. Niliviweka katika kopo la biskuti chini ya kitanda.

Mume wangu naye aliondoka. Alikwenda na mwenzake wa tanuruni kutafuta maisha upande wa almasi, nusu ya safari kwa lori, nusu kwa miguu. Alichukua nguo zake zote isipokuwa salopeti, ovaroli yake ya buluu ya kazini. Aliitundika mwenyewe kwenye msumari nyuma ya mlango.

"Hii nitavala siku kazi itafunguka," aliniambia. "Wee ichunge tu."

Mama yake, aliyekuwa mjane, akatoka mtaa wa Katuba na kuja kukaa nami. Alisema anakuja kunisaidia kungoja. Habari za mume wangu zilikuja mara ya kwanza, zikaja mara ya pili, halafu zikakatika.

Msimu wa baridi uliofuata, bomba kubwa likanyamaza. Miaka yote tulikuwa tumelalamikia moshi wake, unaochoma macho na kutoboa nguo kwenye kamba. Siku ile nilitoka uani nikaona juu yake mbingu ambayo sikuwahi kuiona katika kambi yetu, ya buluu iliyofifia, safi, bila doa. Watu wazima walisimama barabarani wakiangalia juu na hakuna aliyefurahi. Nilijua mara moja nitashona nini, na nilijua pia kwamba buluu hiyo sina. Buluu za vitenge zinapiga kelele. Ile niliyoitaka ilikuwa imefuliwa mara nyingi mpaka ikachoka, na ilikuwa moja tu nyumbani, nyuma ya mlango.

Nilikata mkono wa kushoto, kuanzia kiwiko kushuka chini, ambako asidi ilikuwa imekwisha kula matundu. Nilijiambia akirudi nitamwekea kitambaa kipya, tena kizuri kuliko hicho. Nikashona bomba na mbingu yake. Kesho yake nikashona mbingu nyingine, na siku zilizofuata nikaendelea, kwa sababu mbingu zile zilinipendeza na kwa muda mrefu hakuna kitu kilichokuwa kimenipendeza.

Mama mkwe aligundua kwamba mkono umekatwa siku alipotoa nguo nje kuzianika juani, kwa ajili ya mende. Nilikuwa jikoni. Nilisikia kilio, si cha mtu aliyeumia, bali kile kirefu cha msiba, ambacho kila mtu wa kambi anakijua. Nilipotoka alikuwa ameketi chini katikati ya ua, salopeti mapajani, mikono kichwani.

Kwetu nguo za mtu hazikatwi wala hazigawanywi mpaka matanga yake yamalizike. Hapo ndipo ndugu hukaa pamoja, mmoja anapewa koti, mwingine viatu, kila mtu anarudi kwake na kitu kilichovaliwa na marehemu. Mimi hilo nililijua tangu utotoni. Lakini niliona kitambaa tu, na yeye aliona mwanawe anagawanywa.

"Nguo banagabulaka ya muntu amekufa!" alilia. "Eshi wee, maiti ya mutoto wangu uliiona wapi?"

Kilio kile kilikuwa kimeshafanya kazi yake. Akina mama wa jirani waliingia mbio, vitenge wamevifunga viunoni, wengine wakijitupa chini kabla hata ya kuuliza. Mmoja alianza kutoa viti vyangu nje. Wanaume wawili wakaonekana mlangoni na gogo la moto wa matanga, kwa kuwa majirani wema hawasubiri kuambiwa. Jina la mume wangu lilikuwa tayari linaliliwa, na mimi, mke wake, nimesimama na mwiko wa bukari mkononi.

"Akuna muntu alikufa!" nilipiga kelele. "Ni mukono ya salopeti!"

Ilibidi nirudie mara kadhaa. Waliamka mmoja mmoja, wakajipangusa mavumbi, wakaniangalia kama kichaa. Yule aliyetoa viti akavirudisha kimyakimya. Wale wa gogo waliondoka nalo, na hata leo nadhani walikasirika kidogo. Mama mkwe hakuinuka. Sasa alikuwa anaogopa zaidi, kwa sababu mkasi ulikuwa wangu, lakini kilio cha kifo kilikuwa kimetoka kinywani mwake, kwa mtu aliye hai.

"Rudisha," aliniambia kwa sauti ndogo. "Ule akikuya atavala nini?"

Nikarudisha. Nilitoa kopo, nikafumua mbingu zote, mshono kwa mshono, yeye ameketi mbele yangu akipokea kila kipande na kukinyoosha juu ya goti. Hakuniachia hata kimoja. Nilimkumbuka mwalimu wa fwaye na kwa mara ya kwanza sikumlaani. Kisha niliviunga tena, na nilipomaliza, mkono wa kushoto ulikuwa umerudi, mfupi kuliko wa kulia, umejaa viungo kama ngozi iliyoungua ikapona. Na mabomba yangu yalibaki yamesimama mbele ya blanketi la kijivu, pale palipokuwa na mbingu.

Tangu siku ile sikushona buluu. Niliendelea na kitambaa changu cha kila siku, rangi nyingine zote, na mama mkwe aliendelea kuuliza panya atalala wapi, ingawa ilimchukua muda kurudia mzaha. Salopeti ilikuwa kazi yake. Aliifua, aliipiga pasi ya makala, akaitundika kwenye msumari wake, tena na tena, vazi ambalo hakuna aliyelivaa. Mkono wa kushoto aliupiga pasi mwisho, polepole, viungo visifunguke. Mimi nilimwangalia na moyo ukauma, na hasira pia ilikuwemo. Nilitaka kumwambia kwamba tunamngoja sote wawili, si yeye peke yake. Siku moja nilimwambia. Alisema anajua, akanipa pasi niendelee.

Tuliishi hivyo. Mfuko wa unga ukawa hadithi, nikatumia mashuka yaliyochanika. Serikali ikaanguka, askari wengine wakaingia mjini, pesa zikabadilika sura. Bado hakuna aliyefungua kazi.

Yule mwenzake wa tanuruni alirudi peke yake. Aliingia uani saa sita mchana, amekonda, akakataa kiti. Mama mkwe alimwangalia miguu yake, iliyokuwa na viatu vya mume wangu. Nadhani alijua hapo hapo.

"Ulimuona na macho yako?" alimuuliza.

"Mama, ni mi mwenyewe nilimuzika," alisema yule mtu. "Ilikuwa homa. Viatu alinipatia yeye, juu nikuye kuwaambia."

Mama mkwe hakulia. Alikuwa amekwisha kulia kilio chake kabla ya wakati, na kilio hicho sasa kilikataa kutoka. Mimi ndiye niliyelia. Majirani walisikia, wakaja, lakini safari hii walitembea. Walisimama kwanza mlangoni, wakaniuliza kwa adabu kama ni kweli. Sijawahi kujibu neno zito kuliko lile.

Tulikaa matanga, moto ukawaka uani, nyimbo zikaimbwa. Siku ya kumaliza, ndugu wakakusanyika kugawana, na hapakuwa na cha kugawana. Alikuwa ameondoka na nguo zake zote. Wajomba waliangalia chini, shangazi zake wakaangalia paa.

Mama mkwe aliinuka, akaenda nyuma ya mlango. Alirudi na salopeti imekunjwa vizuri, na mkasi wangu juu yake, akaketi kando yangu kwenye mkeka.

"Bantu ni bengi, nguo ni moya," alisema, sauti yake ya kawaida kabisa. "Kata. Shona bitanda bya mapanya. Kila muntu arudie na yake."

Buluu ile nilikuwa nimeitamani miaka yote. Nililala nikiiwaza, nilishona mbingu kwa njano na kwa nyeupe nikiiona yenyewe akilini. Sasa ilikuwa mapajani mwangu, yote, na sikuitaka. Nilitaka aninyang'anye. Nilitaka akae chini katikati ya ua na kupiga kelele kama siku ile, majirani wakimbie, viti vitolewe na kurudishwa, na mimi nisimame na mwiko nikisema hakuna mtu aliyekufa, ni mkono wa salopeti.

Hakupiga kelele. Alishika mwisho wa mkono wa kushoto, akauvuta taratibu ili kitambaa kisikunjamane, akanishikia nikate.